Muulize Shangazi: Mawimbi ya maikrowevu na saratani ya titi

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu mashine zinazopiga picha ya titi kwa mawimbi ya maikrowevu. Barua zilizofuata zimejaa meza. Kwa wasionifahamu: nilifanya kazi katika chumba cha eksirei mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimalizia kwenye mashine ya mamografia, ile inayobana titi kati ya vibao na kulipiga picha ya eksirei, nikiwaambia wanawake "vuta pumzi, ishike hapo hapo, usitikisike". Najibu kama mtu wa picha. Mambo ya dawa na upasuaji yana wenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Mjomba anasema maikrowevu ni ya kupashia chakula, na mwanamke anayekubali kuelekezewa mawimbi hayo kifuani anajipika mwenyewe. Je, ni kweli? – Mpwa mwenye hofu*

Marahaba, mwanangu. Mjomba hajakosea kushtuka, kwa sababu mawimbi yenyewe ni ya ukoo mmoja. Tanuri la jikoni hutumia masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya gigahezi 2.45, na gigahezi moja ni mawimbi bilioni moja kwa sekunde, na mashine nyingi za kuchunguzia titi hufanya kazi kati ya gigahezi 1 na 10 hivi. Penye tofauti ni kwenye nguvu. Tanuri hutoa wati 600 hadi 1,000, wakati mwingine zaidi, na zote zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma zisitoke nje. Mashine ya titi hutuma nguvu ya kiwango cha miliwati, na miliwati moja ni sehemu ya elfu ya wati moja. Simu anayoibana sikioni huku akikutisha hutoa nguvu kubwa kuliko hiyo. Hakuna kinachoiva hapo, wala joto la kuhisika halipo.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba hakulitaja, nalo ndilo lililowavutia watafiti. Eksirei ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni kwenye atomu, na kwa njia hiyo inaweza kuharibu vinasaba vya seli. Mawimbi ya maikrowevu hayana uwezo huo. Ndiyo maana mwanamke anaweza kupimwa leo, akapimwa tena wiki ijayo na ile inayofuata, bila mtu kukaa akijumlisha dozi. Watafiti wa Dartmouth, Marekani, waliitumia nafasi hiyo: mwaka 2013 walichapisha matokeo yao ya kuwafuatilia kwa mawimbi haya wanawake wachache waliokuwa wakipewa dawa za saratani kabla ya upasuaji, ili kuona kama uvimbe unaitikia dawa. Mimi naona matumizi hayo yana mashiko kuliko mengi yanayotangazwa. Hapo saratani imeshajulikana iko wapi, kazi ya picha ni kuonyesha kama inapungua.

Lakini msije mkaanza kuikimbia mamografia kwa sababu ya neno "mionzi". Picha za kawaida za matiti yote mawili huleta dozi ya takriban milisiveti 0.4 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na ndani ya miili yetu wenyewe humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Mamografia moja basi ni sawa na miezi miwili ya kuishi tu duniani.

*Shangazi, ninasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa mwisho. Mwalimu alituonyesha picha zilizotengenezwa kwa kompyuta ambamo uvimbe unawaka katikati ya titi kama taa. Baadhi ya makala kuhusu mbinu hii ni za tangu mwaka 1998. Kama inafanya kazi vizuri hivyo, mbona hospitali bado zinabana matiti kwa vibao? – Fundi mtarajiwa*

Swali lako limenichukua muda kuliko yote, na nitalijibu bila haraka.

Wazo lenyewe ni zuri, na lina msingi. Tishu yenye maji mengi hulipunguza wimbi mwendo na kulinyonya; mafuta hulipitisha karibu bila kulisumbua. Uvimbe wa saratani una maji mengi. Titi lenye mafuta mengi halina. Ukituma wimbi ndani ya titi la namna hiyo, linapofika mahali ambapo mafuta yanaishia na uvimbe unaanzia, sehemu yake hugeuka na kurudi. Zungusha antena kando ya titi, kila moja itume kwa zamu na nyingine zisikilize, kisha iachie kompyuta itafute mwangwi umetoka wapi. Hiyo ndiyo njia ya rada, ile ile ya kutafutia meli, ila hapa umbali ni wa sentimita. Njia ya pili ni tomografia: hutafuti mwangwi tu, unataka kuchora ramani ya tabia za kiumeme za titi zima, kipande kwa kipande.

Mwaka 1998 Susan Hagness, pamoja na Allen Taflove na Jack Bridges, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba rada ya namna hiyo inaweza kuukamata uvimbe mdogo. Bila shaka hizo ndizo makala unazozisema. Mwaka 2000 kundi la Paul Meaney na Keith Paulsen huko Dartmouth likachapisha kazi ya kuitoa tomografia maabara na kuipeleka kwa wanawake wenyewe. Mwanamke alilala kifudifudi juu ya kitanda chenye tundu, titi likaning'inia ndani ya tangi la kimiminika lililozungukwa na antena 16. Kimiminika hicho kina kazi yake: wimbi likitoka hewani na kukutana na ngozi moja kwa moja, sehemu kubwa hudunda nje kabla halijaona chochote.

Halafu ukaja mwaka 2007.

Kabla ya hapo, vipimo vya tabia za kiumeme za tishu za titi vilikuwa vichache, vya miaka ya 1980 na 1990, na vilitoa picha ya kupendeza: saratani inatofautiana sana na tishu yenye afya. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, na wa Calgary, Kanada, wakaamua kupima upya na kwa wingi, wakitumia tishu zilizotolewa katika upasuaji wa kupunguza matiti na upasuaji wa saratani. Wakalinganisha saratani na mafuta, wakakuta tofauti inayofika hata mara 10. Hapo kila mtu alifurahi. Wakalinganisha saratani na tishu ya tezi, ile inayotengeneza maziwa pamoja na nyuzi zake. Tofauti ikashuka hadi takriban asilimia 10.

Fikiri maana yake. Tezi nazo zina maji. Kwa wimbi, tezi yenye afya na saratani iliyo kando yake zinakaribia kuwa kitu kimoja. Na mamografia inashindwa wapi? Hapo hapo. Kwenye filamu mafuta ni meusi, tezi ni nyeupe, saratani nayo nyeupe. Nimesimama mara nyingi mbele ya picha ya titi lililosongamana tezi, jeupe kutoka chuchu hadi kifua, nikijua kwamba daktari msomaji atapata shida. Karibu nusu ya wanawake wa umri wa kupimwa wana matiti ya aina hiyo, na Marekani tangu Septemba 2024 sheria inataka kila mwanamke aliyepigwa mamografia aambiwe kama titi lake ni la msongamano au la. Hao ndio walioahidiwa kwamba maikrowevu yatawaokoa na weupe ule. Hao hao ndio ambao kwao maikrowevu yana kazi ngumu zaidi. Matangazo hayaligusi jambo hili hata kidogo, na ndilo ningependa kila msomaji alikumbuke anapoyaona.

Sasa rudi kwenye picha ya mwalimu wako. Titi la kompyuta halipumui, halitetemeki, na aliyelichora ndiye aliyeamua uvimbe utofautiane kiasi gani na vilivyouzunguka. Akichukua tarakimu za kabla ya 2007, utawaka. Muulize ametumia zipi. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Kuna vikwazo vingine, na kama mhandisi utavipenda. Mwangwi mkubwa kuliko yote hutoka kwenye ngozi. Ngozi ya titi ina unene wa milimita moja au mbili tu, lakini kelele yake huufunika mwangwi wa uvimbe mara nyingi sana, kwa hiyo lazima uiondoe kwanza bila kufuta kile unachokitafuta. Halafu urefu wa wimbi. Kwa gigahezi 3 wimbi hewani lina sentimita 10; ndani ya mafuta ya titi hufupika hadi sentimita tatu au nne, na ndani ya tishu yenye maji hadi moja na nusu hivi. Ukitaka kuona vitu vidogo, panda masafa. Ukipanda masafa, tishu yenye maji inalimeza wimbi kabla halijafika ndani. Unabaki katikati, unachagua hasara ipi uibebe. Ndiyo maana mashine hizi haziwezi kuona punje za kalisi, zile chembe za sehemu ya milimita ambazo mamografia huzionyesha kama vumbi jeupe na ambazo wakati mwingine ndizo dalili pekee ya saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa. Mimi nimeziona chembe hizo kwa wanawake ambao mikono ya daktari haikuhisi kitu kabisa.

Na hesabu ya kuigeuza miangwi kuwa picha ni ya kurudi nyuma. Ni kama kusimama ukingoni mwa bwawa, ukatazama viwimbi vinavyofika miguuni, kisha ukaambiwa utaje kila jiwe lililoko chini lina ukubwa gani na liko wapi. Majibu zaidi ya moja yanaweza kutoa viwimbi vile vile.

Pamoja na hayo yote, watu hawakuacha. Bristol, Uingereza, kundi la Ian Craddock lilijenga rada yenye kikombe cha antena, ambayo baadaye ilifika antena 60, ikifanya kazi kati ya gigahezi 3 na 8. Calgary, Elise Fear na wenzake wana rada yao. Galway, Ireland, mashine iitwayo Wavelia imejaribiwa kwa wagonjwa. Italia kuna MammoWave, ambayo imeachana kabisa na kimiminika: antena mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea, zinazunguka titi hewani, kati ya gigahezi 1 na 9. Hiyo nimeipenda kwa sababu ya kazi yangu. Kusafisha tangi la kimiminika baada ya kila mgonjwa si jambo dogo, ingawa wavumbuzi hawalifikirii sana. Wengi wao siku hizi hawadai tena kwamba wataona umbo la uvimbe. Wanatafuta alama katika mawimbi zinazotenganisha titi lenye tatizo na lisilo nalo, na wanaifundisha kompyuta kuzitambua. Ni lengo dogo kuliko lile la mwaka 1998, na kwa maoni yangu linafikika zaidi.

Kwa hiyo jibu la "mbona bado": kwa sababu mashine ya kuchunguzia wanawake wasio na dalili kwa maelfu haitoshi iweze kuona saratani. Lazima pia isiwaite bure wasio na kitu. Hilo linathibitishwa kwa wanawake wengi sana waliofuatiliwa miaka mingi, na mamografia ilipitia majaribio hayo miongo kadhaa iliyopita. Maikrowevu bado yako njiani.

*Shangazi shikamoo. Nina kitu kigumu titini, upande wa kwapa, kama punje ya maharage hivi. Mamografia iliniumiza sana mwaka juzi. Nimesikia hii mpya haibani titi, naona bora nisubiri ifike. – Mama wa mapacha*

Marahaba, mama. Usisubiri.

Ukifunga gazeti hili, nenda ukaonwe. Mashine ninazozieleza hapa ni za utafiti, au ndiyo kwanza zinaanza kutoka kwenye utafiti, na hata ingekuwapo moja mlango wa pili, isingekupa jibu unalolihitaji. Mtu mwenye uvimbe anaoushika kwa mkono amekwisha kuvuka hatua ya uchunguzi wa watu wasio na dalili. Wewe unahitaji mambo matatu: daktari akupapase, upigwe picha ya altrasaundi pamoja na mamografia kadiri ya umri wako, na wakiona haja, sindano ichukue kinyama kidogo kikaangaliwe kwa hadubini. Hakuna picha ya aina yoyote, ya leo wala ya kesho, inayoweza kusema "hii ni saratani" kwa uhakika. Sindano ndiyo inayosema. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke anapofika mara ya kwanza na dalili hadi anapopewa jibu kamili zisipite siku 60. Hizo siku zako zianze wiki hii.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Nakwambia hivyo usije ukajifungia ndani kwa hofu, lakini sikwambii ili upumzike.

Kuhusu maumivu, naomba uniamini maana mimi ndiye niliyekuwa nikikanyaga ile pedali. Kubana kuna sababu: titi likitandazwa, tishu hazilaliani, dozi inapungua na picha haitikisiki. Ni sekunde chache kila mara. Kama bado unapata hedhi, omba siku ya baada ya hedhi kuisha, kwani kabla yake titi huwa limejaa na linauma. Mwambie mpiga picha tangu mlangoni kwamba mara ya mwisho uliumia. Anayejua kazi yake atabana taratibu na atasimama ukimwambia. Asiyejua, mwombe mwenzake.

*Shangazi, kuna mtu anatembeza kamera ya joto, anasema ni teknolojia ile ile ya maikrowevu, anapiga picha ya rangi nyekundu na buluu na kutoa majibu papo hapo. Nimpe kifua changu? – Msomaji wa siku nyingi*

Hapana. Kwanza si teknolojia ile ile. Kamera ya joto haitumi chochote ndani ya mwili. Inapokea joto linalotoka juu ya ngozi, basi. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, imeonya zaidi ya mara moja kwamba picha za joto zisitumiwe badala ya mamografia. Ila nataka nikuongezee jambo, usije ukachanganywa na mjuzi zaidi: vipo vifaa vingine vinavyopokea mawimbi ya maikrowevu ambayo mwili wenyewe huyatoa, ili kukisia joto la ndani kidogo ya ngozi. Hivyo navyo ni tofauti na mashine zinazotuma wimbi na kusikiliza mwangwi. Mtu akikutajia "maikrowevu", muulize: kinatuma au kinapokea tu? Akibabaika, umepata jibu.

*Je, Shangazi, sisi wanaume hayatuhusu? – Baba mtu*

Yanawahusu. Kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya saratani za titi hutokea kwa wanaume. Titi lenu ni dogo, kwa hiyo uvimbe mara nyingi huguswa kwa kidole, chini ya chuchu. Mamografia inawezekana pia, hata kama mtacheka chumbani. Msione haya kwenda.

*Shangazi, nimealikwa kushiriki utafiti wa mashine ya maikrowevu baada ya mamografia yangu ya kawaida. Nikubali? Watanifanya nini? – Mwalimu wa hesabu*

Mimi ningekubali, kwa masharti. Bila wanawake wanaokubali, mashine hizi zitabaki kwenye makala za yule kijana wa uhandisi. Zipo za kulala kifudifudi, titi likipita kwenye tundu la kitanda, na katika nyingine titi huwekwa ndani ya kikombe chenye antena kilichopakwa jeli au kujazwa kimiminika. Hakuna kibao, hakuna kubanwa. Hutasikia kitu ila labda kiowevu kikiwa baridi. Utaombwa utulie, na hiyo ndiyo shida yenyewe, shingo inachoka. Omba mto.

Sharti la kwanza: utafiti usichukue nafasi ya mamografia yako. Ikiwa karatasi ya ridhaa haisemi hivyo waziwazi, usitie saini. La pili, uliza mashine ikionyesha kitu ambacho mamografia haikukiona, nani atakuambia na nani atakipeleleza. Wakati mwingine jibu ni kwamba hutaambiwa, kwa sababu mashine haijathibitishwa, na hilo ni halali, ila ulijue kabla. Waambie kama una mimba, au kama una kifaa cha umeme mwilini, mfano kile cha kuendesha mapigo ya moyo. Na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu. Matibabu yako hayapaswi kuguswa.

Kama watakupiga picha zote mbili siku moja, vaa blauzi na kitu cha kiunoni badala ya gauni, maana utavua juu tu. Asubuhi hiyo usipake deodoranti wala poda kwapani. Chembe zake huonekana kwenye mamografia kama zile punje za kalisi nilizozieleza juu, na utarudishwa kunawa wakati foleni inasubiri.